Kopi ya Tusekile

Kabla hamjaanza kunirushia mawe, jueni kwanza kwamba kopi zile nilizipiga mimi, kwa mkono wangu, na nilizipiga vizuri. Miaka ishirini na miwili nimekuwa fundi wa kompyuta hapa Lwangilo, na hakuna aliyewahi kunirudishia mashine akisema Skola Mlowe kalipua kazi. Hilo ndilo linaloniuma. Ningekuwa fundi mbovu, mifumo ingegoma siku ya kwanza, watu wangenitukana wiki nzima, basi, mambo yangeishia hapo.

Mashine zenyewe mnazijua. Zile ndogo za plastiki, za bei chee, hata jina likawa hilo hilo. "Mama Fundi, chee yangu haiwaki." Kila nyumba ina chee, kwa sababu bila chee mtoto haandikishwi shule, mgonjwa hapewi dawa, na hata ukifa hufi mpaka chee ikubali. Tulipoletewa tulishangilia, tusijifanye leo. Foleni ziliisha.

Vita ilikuwa juu ya kinachokaa ndani. Ilikuwepo mifumo miwili. Pambazuko ulikuwa wa ushirika, mkongwe, hauna makeke, unafanya unachouambia na kunyamaza. Kito ulikuwa wa kampuni, na ulikuwa unamsoma mtu. Ukikaa nao miezi miwili unajua unaamka saa ngapi, unakohoa vipi, hesabu gani inakutoa jasho. Kila baada ya miaka mitano wanahesabu mashine za wilaya nzima. Mfumo wenye mashine nyingi unachukua shule, zahanati na ofisi zote, ulioshindwa unazimwa. Na kwa kuwa walichukiana kama wake wenza, hakuna uliokubali kufungua faili la mwenzake. Wanasema wapiganapo fahari wawili nyasi huumia. Nyasi zina heri, zinaota tena.

Mwaka ule ulikuwa wa hesabu. Kito ndio uliokuwa umeshika wilaya, lakini nusu ya nyumba za Lwangilo bado zilikuwa na Pambazuko, na Kito uliona aibu hiyo. Mwezi wa saba ukatangaza kwamba mtihani wa Kidato cha Nne utafanyika ndani ya Kito tu. Mwenye chee kuukuu anunue kibali cha mfumo mpya, na kibali kilikuwa ghali kuliko chee yenyewe. Wazazi wakaja kwangu. Wangekwenda kwa nani mwingine?

Sasa sikilizeni namna fundi wa huku anavyofanya kazi. Mfumo mpya kabisa unatambaa, hasa kwenye mashine ya bei chee. Mfumo uliokwisha kuzoea mtu unakimbia. Kwa hiyo hatupigi mpya. Tunatafuta mashine moja inayokwenda vizuri, tunachota kopi kutoka humo, tunaiita kopi mama, tunaiosha jina la mwenyewe, kisha tunaimimina kwenye mashine za wengine na kuandika majina yao. Nilifundishwa hivyo na aliyenifundisha, na mimi nimefundisha hivyo. Katika Pambazuko jina linakaa mahali pamoja, unalifuta kama chaki.

Chee iliyokwenda vizuri kuliko zote ilikuwa ya Tusekile Mwakalinga. Alikuwa binti wa Kidato cha Nne, mwembamba, mdomo mwepesi, anaumwa sikoseli tangu utotoni. Chee yake ilikuwa na kibali halali kwa sababu ya maradhi yake. Nilimwomba ruhusa, akasema, "Chukua tu Mama Fundi, ila usiwagawie na maumivu yangu." Tukacheka sote. Nikachota, nikaosha, nikamimina kwenye mashine mia mbili na kumi na tatu kwa mwezi mmoja na nusu.

*

Jumamosi, siku mbili kabla ya mtihani, Nesi Oresta Kilasi wa zahanati ya kata aliingia kibandani kwangu akiwa bado na sare. Tumesoma naye darasa moja. Hakusalimia.

"Skola, kaa chini. Tusekile ana miaka mingapi?"

"Kumi na saba. Si wewe uliyemzalisha mama yake, Mungu amrehemu?"

"Haya. Mwezi uliopita Tusekile ameugua malaria mara kumi na nne." Alikuwa anasoma kwenye karatasi. "Amevunjika mkono wa kushoto, halafu wa kulia, halafu wa kushoto tena. Amechomwa sindano ya uzazi wa mpango mara thelathini, na juzi amejifungua pacha. Na ana tezi dume."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika meza.

"Cheka," Oresta alisema. "Wiki ya tatu hii kabati la dawa halimpi vidonge vyake. Kila nikiweka jina lake linasema huyu mtu ameshapewa dozi za miaka minane. Nilidhani mtandao. Leo nimeomba faili zima, ndiyo hili. Skola, hawa ni watu wangu wote wa kata hii. Mke wa Ngole ndiye aliyezaa pacha. Wamefikaje kwa Tusekile?"

Kicheko kikanikatika. Nilifungua chee iliyokuwa mezani, ya mteja, nikashuka ndani kuliko ninavyoshuka siku zote. Juu kabisa paliandikwa jina nililoliandika mimi. Hilo ndilo shule ililisoma. Chini yake, kila nilipogusa, palikuwa na Tusekile: Tusekile kwenye sauti, Tusekile kwenye mwendo wa vidole, Tusekile kwenye mapigo ya moyo. Katika Kito jina halikai mahali pamoja, limeyeyukia mle kama chumvi kwenye mboga. Niliosha sufuria nikaacha mboga. Na zahanati haikusoma jina la juu, ilisoma la ndani, kwa kila mtu wa nyumba aliyekwenda na chee ile.

"Ni kopi zangu," nikasema.

Oresta alinitazama, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na ya Deogratias wangu?"

"Na ya kwake."

Zamani kabati la dawa lilikuwa na ufunguo, na ufunguo ulikaa kwenye mfuko wa nesi. Siku hizi kabati linafunguliwa na Kito, na ukilivunja dawa zinamwagiwa rangi na haziliki. Hospitali za mkoa wa jirani zilikuwa za Pambazuko. Baba yake Tusekile alikuwa ameshampeleka wiki iliyopita, wakamwambia faili halifunguki, waanze vipimo upya, warudi baada ya wiki mbili. Yote haya Oresta alinieleza akiwa amesimama. Nilimpigia simu Gaudensi, wakala wa Kito wa wilaya, nikamweka kwenye spika.

Gaudensi si mtu mbaya, ndilo tatizo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama Skola," alisema, "sijasikia ulichosema, sawa? Lakini kama ningesikia, ningekwambia ipo namba ya kutenganisha. Ukiiingiza, mfumo unamtafuta mwenyewe wa kwanza, unambakisha peke yake. Kopi zote zinafutwa papo hapo, mpaka mfupa. Hiyo ndiyo sheria ya wizi."

"Na watoto wenye hizo kopi?"

"Mtihani Jumatatu mpaka Jumatano. Asiye na Kito hafanyi. Na usiende kwa mkuu wa shule, mama yangu. Mtoto akijulikana ana kopi ya wizi anafungiwa miaka mitatu. Mashine ikifutika baada ya mtihani, hiyo ni ajali tu, mashine za bei chee zinakufa kila siku." Akakohoa. "Na Jumatano hiyo hiyo saa sita ndiyo tunahesabiwa. Mashine mia mbili kwangu si kidogo. Sikufichi. Nakutumia namba. Uamuzi wako."

Namba ikaingia kwenye simu, tarakimu kumi na mbili. Mimi na Oresta tukaitazama.

"Siku nne," Oresta alisema. Alikuwa anajisemea. "Akinywa maji ya kutosha, asipigwe baridi, asikimbiekimbie. Amewahi kukaa mwezi bila vidonge."

"Kwa hiyo?"

"Mimi ni mama wa Deo, Skola. Usiniulize mimi."

*

Hapa nataka kusema kweli, kwa sababu nimechoka. Nilijiambia nasubiri kwa ajili ya watoto mia mbili na kumi na tatu. Wengi wao wazazi wao ni wapanga viazi na wakata mbao. Mtihani ule ndio mlango pekee, ukifungwa umefungwa. Hiyo ni kweli. Lakini ni kweli nusu. Nusu nyingine niliona haya. Chee mia mbili zikifa siku moja kabla ya mtihani, mji mzima ungekuja pale kibandani, na mimi ningesimama mbele yao niseme kwamba Fundi Skola hakujua kuosha kopi. Mficha uchi hazai, tunasema kila siku, halafu tunaficha.

Jumapili baada ya kanisa Anyosisye, baba yake Tusekile, alikuja. Ni mtu mrefu, anafanya kazi kwenye maghala ya viazi, mikono ina udongo usiotoka hata kwa sabuni. Alivua kofia.

"Dada Skola, mtoto amebanwa. Mgongo na kifua. Oresta anasema ni kompyuta. Sasa mimi kompyuta nazijulia wapi? Nikasema nije kwako."

"Ni mtandao, Baba Tuse," nikasema. "Utakaa sawa Jumatano."

"Jumatano?"

"Jumatano mchana. Mfunike vizuri, mpe uji na maji mengi."

Aliguna, akahesabu siku kwa vidole. Kisha akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. "Ahsante sana dada. Wengine wangetuzungusha." Akaniachia debe dogo la viazi, nami nikalipokea. Nilipokea, jamani. Sikujua nifanye nini tena na mikono yangu.

Jumatatu watoto walipita mbele ya kibanda wakiwa na sweta zao za kijani na chee kwapani. Deogratias alinipungia mkono. Tusekile hakupita. Alikuwa amelazwa zahanati kwenye kitanda cha dirishani, na Oresta alimpa vidonge vya maumivu vya kichwa kutoka kwenye mkoba wake mwenyewe, maana ndivyo pekee vilivyokuwa nje ya kabati.

Nilikwenda kumwona jioni. Alikuwa na macho ya njano na midomo imekauka.

"Shikamoo Mama Fundi."

"Marahaba mwanangu. Unajisikiaje?"

"Kama wamenipanga na magunia." Alijaribu kucheka, akashindwa, akashika ubavu. "Maswali ya Kiswahili yalikuwaje? Wamesema magumu?"

"Wamesema ya kawaida."

"Basi nitayafanya mwakani. Mtu akiwa na sikoseli wanamruhusu kurudia." Alivuta pumzi fupi fupi. "Mtandao kweli utarudi Jumatano?"

"Utarudi," nikasema.

*

Jumanne saa nne asubuhi Oresta alinipigia. Nilisikia vyuma vinagongana nyuma yake.

"Bonyeza."

"Oresta..."

"Kifua kimembana, anahitaji damu. Friji la damu linasema ameshapewa chupa nne mwezi huu. Ni za mke wa Ngole hizo! Nimeita gari la wagonjwa, Kito unasema Tusekile yuko kwenye chumba cha mtihani, hana dharura. Bonyeza, Skola."

Nilikuwa na namba mbele yangu. Siku ile watoto walikuwa na karatasi ya Baiolojia, wameingia saa tatu, wanatoka saa nane kwa sababu ya sehemu ya vitendo. Kesho Hisabati. Niliweza kuiona shule kutoka dirishani, bati lake jekundu.

"Deo yuko ndani," nikasema.

"Najua Deo yuko ndani! Mimi ndiye nimemzaa! Bonyeza hata wa kwangu, bonyeza!"

"Nipe mpaka saa nane. Wamalize ya leo angalau, niwaone walimu, labda kesho..."

Alikata simu. Alidhani nimekubali, au alijua sitafanya; sijawahi kumuuliza. Nilikaa na saa ya ukutani. Niliingiza tarakimu kumi na moja, nikabakiza moja. Saa tano ikapita. Saa sita ikapita. Nilijiambia mtoto mgumu yule, ameshapita makubwa kuliko haya.

Saa saba na dakika ishirini Oresta alipiga tena. Nilisikia Anyosisye akilia, na mtu mzima wa kiume akilia hospitali mchana hivyo huhitaji kuelezwa.

Ndipo nikafuta zile tarakimu kumi na moja. Sasa ya nini, nikasema. Aliyekufa amekufa, waache walio hai wamalize. Niliona hiyo ni busara. Ibilisi naye huwa anasema mambo ya busara.

*

Jumatano saa nne na nusu Anyosisye alisimama mlangoni kwangu. Alikuwa na suruali ile ile ya Jumapili. Mkononi alikuwa na chee ya Tusekile, imefunguliwa, na usoni alikuwa na kitu nilichotamani nisikione: alikuwa na matumaini.

"Dada Skola, nimetoka ofisi ya kata kuomba kibali cha kuzika. Karani ameandika, mashine imekataa. Mara tatu. Inasema Tusekile Mwakalinga yuko hai." Alinionyesha kioo. "Ona. Inasema moyo wake unapiga, themanini na mbili kwa dakika. Inasema anafanya Hisabati sasa hivi, ameshamaliza swali la nane. Dada, wewe unazijua hizi. Oresta anaweza kuwa amekosea? Nirudi chumba cha maiti nikamwangalie?"

Ningeweza kudanganya mara ya pili. Ulimi ulikuwa tayari.

"Kaa, Baba Tuse," nikasema.

Nilimwambia yote. Nilimwambia habari za kopi mama, na chumvi na mboga. Nilimwambia kuhusu namba, Jumamosi, na kwamba hapakuwa na tatizo la mtandao. Nilimwambia kwamba Jumapili aliponishika mikono dawa ya mwanawe ilikuwa kwenye simu iliyokuwa mfukoni mwangu. Sikulia, kwa sababu nisingekuwa na haki. Yeye alisikiliza akiangalia sakafu, na chee iko magotini, na ule moyo unaendelea kuhesabu pale kwenye kioo, themanini na nne, themanini na moja.

"Huu ni moyo wa nani?" aliuliza hatimaye.

"Sijui. Wa mmoja wao. Labda mtoto wa Ngole, labda Deo."

"Na ukibonyeza sasa?"

"Zinafutika zote. Kibali chako kitatoka. Na watoto wanapoteza karatasi." Nikamsogezea simu. "Hii hapa. Bonyeza wewe. Una haki yote, na atakayeuliza nitasema ni mimi."

Aliichukua. Kidole chake kipana kilifunika tarakimu tatu kwa pamoja.

"Wako wangapi?"

"Mia mbili na kumi na tatu."

"Wamebakiza muda gani?"

"Saa moja na nusu."

Aliiweka simu mezani taratibu, akakunja mikono, akaegemea ukuta. "Tutasubiri," alisema.

Saa moja na nusu ile sitaitoa kichwani mpaka nife. Hakunitukana. Kila baada ya muda aliangalia kioo, aone swali la ngapi. Nilipomletea maji alisema hapana. Nilipoanza kusema "Baba Tuse, naomba unisa..." aliinua mkono.

"Sikuja kukusamehe," alisema. "Nimekuja kutafuta kibali cha kuzika."

Saa sita kamili kengele ya shule ililia. Simu yangu nayo ikalia: ujumbe kutoka Kito kwa wateja wote. *Hongera Lwangilo! Tumeshinda pamoja.* Nyuma ya bati jekundu watoto walianza kutoka wakipiga kelele, wengine wanarusha sweta juu.

"Sasa," alisema Anyosisye.

Niliingiza tarakimu kumi na mbili. Ilichukua sekunde kumi na moja, nilizihesabu. Kioo cha chee ya Tusekile kikatulia, mapigo yakasimama kwenye sifuri, na chini yake yakatokea maneno: *Mtumiaji mmoja.* Dakika haikupita, karani wa kata akampigia Anyosisye kwamba kibali kimetoka, aje achukue.

Anyosisye alisimama, akaweka chee kwapani, akavaa kofia. Alikuwa amefika mlangoni simu yangu ilipoita tena. Ilikuwa Oresta. Niligusa spika bila kukusudia.

"Skola," sauti ya Oresta ilijaa kibanda kizima, "kabati limefunguka lenyewe. Limetoa vidonge vya Tusekile vya wiki tatu zote, na friji limetoa chupa mbili za damu, viko hapa mezani kwangu. Linataka niweke sahihi kwamba mgonjwa amepokea. Niandike nini?"

Anyosisye hakugeuka. Alisimama pale mlangoni, mgongo wake umeziba mwanga, akisubiri asikie nitamjibu nini.